Mbao Isiyoimba

Mwanangu, iko siku moja ambayo naikumbuka kwa kiganja cha mkono kuliko kwa kichwa. Kichwa kimeanza kuvuja, majina ya watu yananiponyoka. Lakini kiganja hiki kikigusa ubao mzito, siku ile hurudi nzima: upepo wa ziwa pale Dunga, harufu ya lami, na mzee mmoja kiziwi akiniuliza swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu.

Niliacha shule darasa la nne. Sioni haya kulisema, maana nyumba ninayoandikia haya niliijenga kwa mikono hii, na wanangu walisomeshwa na masanduku ya spika. Nyinyi mnaokuja kwangu na picha kwenye simu, mkitaka sanduku la wufa, ile spika kubwa ya besi, la gari kama la fulani wa Nairobi, mnadhani nilizaliwa najua. Nilijifunza kwa kuharibu.

Miaka ya tisini ilipoanza, kila mwenye gari Kisumu alitaka besi itikise vioo. Mimi nilikuwa na kibanda Kibuye, fundi wa vitanda na makabati, mdomo mkubwa kuliko msumeno wangu. Mbao nilichagua kwa sikio. Nagonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia ng'oo, nasema hii ni nzuri, ina sauti. Nani angenilaumu? Sisi ni watu wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Tangu utotoni nilijua kwamba ala ya muziki hutoka kwenye mti unaoimba, nami niliona sanduku la wufa ni ala kama nyingine.

Mzee yule aliitwa Okelo, muundaji mashua wa Dunga. Miaka mingi ya kupiga nyundo ilikuwa imemla masikio. Hata ukimpigia kelele sikioni, alisikia nusu tu. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Omolo, aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya benga. Omolo aliugua akiwa safarini na bendi, akarudishwa nyumbani akiwa maiti. Aliacha kaseti moja tu. Mzee aliitia kwenye redio yake ndogo, akaibana redio sikioni, asisikie kitu. Redio ndogo haina besi, mwanangu, na Omolo alikuwa ndani ya besi.

Binti wa mzee alikuwa ameolewa na Ouma, mtu wa kubeba samaki wa mbuta kutoka Luanda Kotieno kwa gari lake lenye mgongo mrefu. Ouma akanunua wufa, akaniletea.

"Fundi, mimi sitaki urembo," akasema. "Mzee anasema hata kama sikio imekufa, kifua bado inasikia. Anataka kusikia kijana yake. Tengeneza sanduku ya kubeba hiyo kitu."

Alisema hataki urembo, nami niliyasikia maneno hayo kwa masikio mazima. Lakini kijana husikia anachotaka. Nikachukua saiprasi nyembamba, kavu, inayolia kama kengele. Nikaipiga randa ikawa kioo, nikaipaka vanishi mara tatu. Mafundi wenzangu wa Kibuye walisimama kulitazama sanduku lile kama bibi arusi.

Tulilipeleka Dunga adhuhuri moja. Mzee alikuja amevaa koti lake la kanisani, na haikuwa Jumapili. Akaketi nyuma ya gari, katikati ya harufu ya samaki, akaweka viganja vyote viwili juu ya sanduku. Ouma akaisukuma kaseti.

Lililia, mwanangu. Lililia kama debe la misumari. Ubao ulinguruma wenyewe, kona zikapiga mluzi, besi ikawa uji, huwezi kujua kidole cha mtu kimeanzia wapi. Mzee alifumba macho, akangoja. Akangoja tena. Kisha akaiondoa mikono yake.

"Zima," akasema. Akaligonga sanduku kwa kifundo cha kidole. "Hapa nani anapiga? Mbao ama Omolo?"

Nami nilijibu nini? Nilijibu kwa sauti ya juu, ili wavuvi nao wasikie: "Mzee, wewe ni mtu wa mashua! Haya mambo ya stima hujui! Husikii, halafu unasema sanduku ni mbaya!"

Ouma akatazama chini. Mzee alikuwa amesikia. Neno baya hata kiziwi hulisikia. Hakupandisha sauti.

"Fundi," akasema, "sanduku ya kwanza ya Omolo nilitengeneza mimi, na hii mikono yangu. Nililaza yeye ndani. Haikuvuja. Ya pili nilikuachia wewe."

Akashuka, akaenda zake kwenye mashua aliyokuwa akiiunda, na koti lake la kanisani mgongoni.

Nilijiambia, ni uzee tu. Kiburi ni chakula kisichoshibisha, lakini nilikila majuma mengi. Mvua ndefu zikaja, unyevu wa ziwa ukaingia kwenye saiprasi, ikavimba. Jua liliporudi ikapasuka kona mbili. Ouma akalitua sanduku mbele ya kibanda changu bila salamu.

"Omera, ndugu yangu, hii kitu yako imejipasua yenyewe kwa aibu," akasema, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliinama, nikaona mwanga wa mchana ukipita ndani ya ufa, na lile neno la mzee likanirudia: haikuvuja.

Nikalipandisha kwenye mkokoteni, nikalisukuma mwenyewe kutoka Kibuye hadi Dunga. Mzee alikuwa akisindilia pamba katikati ya mbao za mashua. Nikapiga magoti kando ya sikio lake.

"Jaduong'," nikamwita, kama tunavyomwita mtu mzima wa heshima, "nilikukosea. Nisamehe. Nifundishe."

"Sema tena. Sikusikia."

Nikasema tena. Akataka niseme mara ya tatu, na hapo ndipo nilipoona macho yake yanacheka.

Akanipeleka kwenye rundo la mbao zake. Akagonga moja, ng'oo. "Hii ni ya nyatiti." Akagonga plaiwudi nene kama kidole gumba, ile isiyoogopa maji, nzito mpaka inauma bega. Ikasema du, kama umegonga gunia la mchanga. "Hii ndio yako. Hii inajua kunyamaza."

Debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utoto nikidhani inawasema watu peke yao. Kumbe spika ndiye mwimbaji, na sanduku ni nyumba aliyokaribishwa. Nyumba ikianza kuimba, nani atamsikia mgeni?

"Maji na upepo ni ndugu," mzee akaniambia. "Pale maji inaingia, ndio pale upepo inatoka."

Tukaunda sanduku jipya kwa plaiwudi ile, tukatia mbavu ndani, kama za mashua, ili ubao mpana usitetemeke. Tukatumia gundi na skrubu za karibu karibu. Msumari peke yake hulegea ukitikiswa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi kila kona tuliikandika kwa ndani na gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Gundi ilipokauka, kabla ya kufunga spika, mzee akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Alilisukuma sanduku ziwani, tundu la spika likitazama juu.

"Jaduong' ameunda mashua ya panya!" mvuvi mmoja akapiga kelele. "Abiria wako wapi?"

Nikamrudishia mzee maneno hayo sikioni. Akacheka. "Mwambie abiria ni mmoja tu. Anakuja."

Likaelea. Tulipolitoa, akatia mkono ndani, akapapasa kila kona. Kukavu.

Tulilianika kivulini siku kadhaa, tukalivika zulia la kijivu, tukaifunga spika. Halikuwa na urembo hata chembe. Siku ya kulisikiliza mzee akaja na koti lile lile, akaweka viganja vile vile. Ouma akaisukuma kaseti.

Sanduku halikusema neno. Besi ilitoka nzito, safi, kila kidole mahali pake, nami nikaiona ikimpanda mzee mikononi, ikapita viwiko, ikafika kifuani. Akalaza shavu juu ya zulia.

"Anachelewa," akasema.

Nilidhani nimeharibu tena.

"Anachelewa kidogo. Kila siku nilikuwa namwambia, Omolo, wenzako wamefika, wewe uko wapi?" Machozi yalikuwa yakimtoka na meno yote yakionekana. "Ni yeye. Ni yeye kabisa."

Tuliirudisha kaseti ile nyuma mara nne.

Mzee Okelo ametutangulia siku nyingi. Kaseti ilichakaa ikafa kabla yake, na Dunga hakuna tena anayegonga mbao zake kama yeye. Nimetengeneza masanduku nisiyoweza kuyahesabu, na kila moja, kabla halijaondoka, naliwekea viganja viwili. Mwenye gari hudhani napima kazi. Mimi natafuta kule kuchelewa kidogo. Sijakupata. Muziki wenu huu wa mashine unafika kwa wakati mno. Na masikio yangu nayo yameshika njia ya mzee. Ningetoa kibanda na vyombo vyake vyote ili anigonge begani aniulize tena, hapa nani anapiga?

Basi shika haya, mwanangu. Chipbodi iache, hulewa maji ya ziwa ikafura kama mkate. Hiyo mbao ya MDF mnayoipenda ni nzito na kimya, ni nzuri, ila ziba kingo zake vizuri, huku si jangwani. Mbao ikikuimbia ukiigonga, ipe shukrani uirudishe. Ukibeba sauti ya mwenzako, nyamaza wewe. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Na mzee akikosoa kazi yako usiyapime masikio yake, ipime kazi. Ukikosa, nenda kaombe radhi upesi. Mimi niliisubirisha mpaka mvua ikaniumbua.

Mungu akupe mkono thabiti na goti jepesi. Akupe kazi isiyovuja. Na siku wale wanaokupenda watakapokutafuta usionekane, wakukute hata kwa kosa lako dogo, waseme: ni yeye, ni yeye kabisa.