Fundi wa Kanduyi na Filta Iliyopakwa Oili

Fundi wa Kanduyi hagusi gari la mtu kabla ya kunawa mikono. Linah alipofika na gari likikohoa tangu Kitale, fundi alianza kwa kuhamishia katoni za vifaranga kivulini, akanawa, kisha akaisikiliza injini kichwa kikiwa upande. Linah aliwaza wateja waliongoja vifaranga Bumula. Kitale walikuwa wamembadilishia plagi na pampu, lakini haikusaidia kitu. Huyu alichomoa waya mmoja tu, injini ikinguruma, na gari likatulia.

“Sensa hii ya kupima hewa inadanganya injini,” akasema kwa sauti ya chini. “Hewa ni nyingi, inasema ni kidogo.” Akatoa filta, akainusa. “Nani alipaka hii oili?”

“Ni mimi,” Linah akakiri. “Si baba hufanya hivyo kwa trekta, ati ishike vumbi?”

“Trekta ni sawa, mama. Hapa oili imefunika sensa.” Wala hakumcheka. Aliipulizia sensa dawa ya kusafisha bila kuigusa, akaiacha ikauke, akaweka filta mpya, akarudisha vifaranga, akanawa tena, kisha akaketi kando ya Linah wakalijaribu gari. Kwenye kilima cha kwanza Linah alikanyaga mafuta kwa woga. Gari likachomoka kama limechokozwa. Vifaranga wakalia wote pamoja, na fundi, ambaye asubuhi nzima hakuwa amepaza sauti, akapiga dashibodi kwa kiganja kisafi na kuwashinda kelele: “Kanyaga, mama! Kanyaga!”