"Put" na Mukia Wake, Kutoka Kadutu Mpaka Luberizi

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya mudomo wangu. Tonton Bisimwa, mujomba wangu, dereva wa kamio, yaani lori, alitafuta mutu wa kumutafsiria madame mumoja Mwingereza, muuguzi aliyefika juzijuzi, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Nikaruka: "Miye najua Kiingereza yote!" Kweli, nilijua "put": weka. Na "out": nje. Mengine nilimuachia Mungu.

Asubuhi, Kadutu, mutaa wetu. Maman akanipa kuku wa zawadi, tonton akanipa onyo. "Sikia, kamio hii ndiyo shamba yangu, ndiyo ng'ombe yangu. Ikipotea juu ya mudomo yako, usinijue tena." Tukapakia masanduku ya dawa ya kupeleka Luberizi juu ya nyasi kavu, chupa zisivunjike.

Saa sita, materemko ya Ngomo. Barabara imeng'ang'ania mulima kama mujusi: huku jiwe, kule hewa tupu. Chini kabisa muto Ruzizi ulikuwa uzi unaong'aa. Hata madame alivua kofia. Kwenye kizuizi tukangoja magari yanayopanda. Tonton akavuta sigara, akatupa kipande nyuma bila kuangalia.

Mara moshi! Nyasi za kamio zinawaka. Madame akapiga kelele: "Put it out! Put it out!"

"Anasema nini?" tonton akaniuliza.

"Tuweke nje!"

"Tuweke nini?"

"Yote!"

Tukaweka nje sanduku, tukaweka nje kuku, na moto ukafurahi sana, maana tuliufungulia upepo. Tonton alikuwa karibu kulia. Madame akatukodolea macho, akanyakua bidoni ya maji, akamwaga. Pssss! Ubao mumoja tu uliungua. Kisha akawasha kibiriti mbele ya pua yangu, akakipuliza, akasema polepole: "Put out."

Kumbe ni kuzima! Kale kaneno kanakaa nyuma kama mukia, kumbe mukia ndio unamuongoza ng'ombe.

Jioni, Luberizi. Mbingu nzima imelala ndani ya maji ya mupunga. Madame akasema, "I will put you up." Nikatazama paa.

"Tonton, anataka kutupandisha juu."

"Miye? Na tumbo hii?"

Madame akacheka, akatuonyesha vitanda viwili. "Put" ileile! Mchana inaua moto, jioni inalaza wageni. Nililala nikiiheshimu kama askofu.

Kesho yake, kurudi. Kwenye kizuizi cha Ngomo, tonton akawasha sigara, mukono ukaanza kwenda nyuma. Nikanyoosha kidole kama madame: "Tonton! Put it out!"

Hakuuliza maana. Tonton, muzee mwenye sharubu, aliiangusha chini, akaikanyaga mara mbili, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Na injini? Naweza kuwasha?"