Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Siku ya mazishi walisema mke wangu alikuwa malaika. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote hakuwahi hata kuonana naye. Nilikaa kimya, maana mfiwa akicheka msibani watu wanamwitia daktari. Lakini malaika gani anamwambia mteja, "Kitambaa ni kizuri, tatizo ni wewe"?

Kwa hiyo naandika mwenyewe. Shule sikukaa. Herufi nilijifunza kwa kupaka mabango ya maduka, na bango refu halisomwi na mtu. Nitakuwa mfupi.

Mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi pia, hata ndani. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, chuma kitupu, imekaa chini ya dirisha tangu tuhamie. Mwanetu alipomletea ya umeme, aliijaribu mara moja, akasema inakimbia kama imeiba kitu. Akaifunika shuka, akawa anawekea pasi juu yake.

Kukanyaga kote huko kukamrudia magotini. Yalivimba yakawa kama viazi. Akawa anakanyaga kidogo, anasimama, anatukana, anakanyaga tena. Mwisho akaacha. Sare za shule zikahamia kwa kijana mmoja ambaye, kwa maneno ya mke wangu, mishono yake ni ya kufungia magunia. Yeye akabaki dirishani, watoto wakipita anawahukumu.

"Ona ile kola. Mtoto kavaa bakuli."

Alitaka kitu kimoja tu: kukanyaga tena.

Kwenye mlango unaotazamana na wetu aliishi dobi. Mjane, mdomo haupumziki. Mke wangu alimpa jina la Kasuku na likashika. Magoti yake nayo yalikwisha, kwa kusimama na pasi tangu usichana. Salamu zao zilikuwa hivi:

"Hujafa tu?"

"Nakungoja utangulie, unishikie nafasi."

Siku moja hospitali ikatangaza kuna utafiti wa dawa mpya ya magoti, wanatafuta watu. Wakaenda wote wawili, mimi nikawa fimbo yao, mmoja huku, mmoja kule. Tuliingizwa kwenye chumba chenye benchi na picha ya mifupa ya mtu ukutani. Aliyetupokea alikuwa binti mdogo, mfamasia, koti jeupe limempwaya. Mke wangu aliangalia mabega ya lile koti tu, sura baadaye.

"Mama zangu," yule binti akasema, "nusu ya watu watapata dawa yenyewe. Nusu watapata kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu, hata uchungu, ila ndani hamna dawa."

"Kuna nini?" mke wangu akauliza.

"Unga tu. Haudhuru."

"Mimi niko nusu ipi?"

"Sijui, mama."

"Na huyu Kasuku?"

"Sijui."

"Daktari mkubwa anajua?"

"Naye hajui. Ndivyo inavyotakiwa. Sisi tukijua, tutaona tunachotaka kuona. Nyinyi mkijua, mtahisi mnachotaka kuhisi. Majibu yamefungiwa, yatafunguliwa mwisho wa utafiti."

Mke wangu akanigeukia. "Mume wangu, umenileta kwa watu wenye dawa wasioijua dawa."

Tangu siku hiyo yule mfamasia akaitwa Sijui. Akazoea. Akija nyumbani kuwapima na kuwatoa damu, alikuwa anagonga na kusema mwenyewe, "Hodi, ni Sijui."

Kila mmoja akapewa chupa yake. Sijui akakaza sauti: vidonge hivi usimpe mtu mwingine, na vitakavyobaki virudishwe.

"Hata mumeo, mama."

"Huyu? Hata mto wangu simpi."

Ikapita kama miezi miwili. Jioni moja narudi na ngazi yangu begani, nimetoka kupaka bango la bucha, nikasikia cherehani tangu kule mwanzo wa ujia. Si ile ya kukwamakwama. Ilikuwa inakwenda. Niliposukuma mlango ikanyamaza. Mke wangu kashika kitambaa.

"Nafuta vumbi," akasema.

Nikaamini. Mimi ni mtu wa kuamini, ndiyo maana ndoa ilidumu.

Asubuhi yake Kasuku akaingia amejishika ukutani.

"Fundi, mimi nimepewa unga. Nilijua tu. Hii sura yangu ni ya mtu wa kupewa unga."

"Hata mimi," mke wangu akasema. "Usiku kucha sikulala kwa maumivu."

Hapo nikamwangalia, kwa sababu usiku kucha alikoroma.

"Sasa tufanyeje?"

"Tuchanganye. Huenda mmoja wetu kapata. Kuliko mwingine akose kabisa, kila mtu apate kidogo."

"Na kama wote ni unga?"

"Basi tutapika uji."

Akashusha kopo lake la vifungo, akavimwaga vifungo kwenye sahani, akatia vidonge vya chupa zote mbili, akatikisa. Nikasema wanaharibu kazi ya mtoto wa watu.

"Sijui kakataza," Kasuku naye akasema, akaona haya kidogo.

"Sijui hajui," mke wangu akasema. "Na wewe, mzee, kapake rangi."

Wakawa wanachota humohumo, asubuhi na jioni, bila kuchagua. Chupa mpya zikija, zinamwagwa kopo lilelile. Tatizo ni kwamba vifungo havikuwa vimetoka vyote. Kasuku akameza kimoja, cha shati, cheupe, cha matundu manne. Tulijua kwa sababu alilalamika kidonge cha leo kina pembe, mke wangu akachungulia kopo akakuta ndugu zake wawili. Sijui alipokuja na maswali yake, akauliza kama kuna mabadiliko yoyote.

"Juzi," Kasuku akasema, "nilipata nafuu ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe."

Sijui akaandika. Mimi nikatoka nje nikainamia ukuta.

Lakini kweli Kasuku alianza kupona. Polepole, akauacha ukuta. Siku moja akapanda ngazi za nyumba yetu na furushi la nguo kichwani, akisimama kila baada ya hatua chache kutangaza.

"Fundi! Nimepanda mwenyewe!"

"Ukianguka anguka kimya, watu wanapumzika."

Mke wangu yeye alibaki katikati. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameuweka juu ya kigoda kama mgeni. Alishona viraka, foronya, kaptula za watoto. Akichoka anaacha. Msimu wa shule ulipofika, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Kijana wa magunia alikuwa amewashonea wasichana suruali zisizokalika. Akamwomba Fundi achukue kazi ya shule yote.

Nilimwona mke wangu anaitazama cherehani. Kisha akalitazama kopo. Mlango wa mbele yetu Kasuku alikuwa anaimba juu ya pasi, vibaya sana.

"Mrudishie huyohuyo," akamwambia mwalimu. "Mwambie apime makalio kabla ya kukata. Mimi siwezi."

Sikumwelewa. Alikuwa ameisubiri siku ile kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

Halafu akafa. Asubuhi, kwenye kiti chake, futikamba shingoni. Moyo, walisema, na wakapima wakahakikisha si dawa. Suruali yangu ilikuwa mapajani mwake, pindo moja limekwisha, la pili bado. Nikawa naivaa hivyohivyo, mguu mmoja mrefu. Watu wakadhani ni uzee.

Sijui alikuja msibani, akalia kuliko dada za marehemu. Alipomaliza akapenga kamasi akaninong'oneza, "Samahani sana baba. Kuna vidonge vilivyobaki? Ni utaratibu."

Nikampa kopo. Akachungulia.

"Mbona kuna vifungo?"

"Sijui," nikamjibu.

Utafiti ulipoisha, majibu yakafunguliwa. Siku hiyo yule mfamasia hakupiga hodi kwa jina. Aliingia akakaa kwenye kigoda cha mguu wa kulia, mkoba kaukumbatia.

"Baba, leo najua."

"Sema."

"Mama ndiye aliyepewa dawa. Dobi alipewa unga. Lakini damu ya dobi ina dawa, na ya mama ina nusu ya inavyotakiwa. Walikuwa wanagawana?"

"Walichanganya. Kwenye lile kopo."

Akajifunika uso kwa mikono. "Mungu wangu. Niliwakataza."

"Kazi yako imeharibika?"

"Hapana, watu walikuwa wengi. Dawa inafaa, imeonekana. Ila hawa wawili itabidi tuwafute kwenye hesabu."

"Mmoja kajifuta mwenyewe," nikasema.

Akacheka kabla hajajizuia. Kisha akaona aibu, akalia. Nikampa kitambaa cha cherehani. Kilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo nilipokumbuka lile vumbi.

Cherehani haifutwi vumbi kwa kukanyaga. Alikuwa amekwisha kupona. Alikanyaga jioni, kwa miguu yote miwili, akajua kwamba dawa ni yake. Kopo lilikuja asubuhi yake. Akamwona mwenzake kashika ukuta, akadanganya kwamba hakulala, ili yule asijue anapewa.

Nilikasirika. Tulikaa nyumba moja maisha yetu yote, namjua kwa uchoyo. Kipande cha sabuni alinificha, chaki ya kuchorea alinificha, sindano zake alizilinda kuliko dhahabu. Mtu huyo anakwenda kugawa goti! Na sare, na mwalimu mkuu na kofia yake, vyote alivisukuma mbali bila kuniambia kwa nini. Yule msemaji wa mazishini sasa ana haki ya kunicheka.

Kasuku naye akaelezwa, maana ni lazima kila mtu aambiwe alichokuwa anameza. Akaja bila kugonga. Akasimama katikati ya chumba, chupa mkononi. Wale wa unga sasa walipewa dawa yenyewe.

"Shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa na unga."

"Ndiyo."

"Yeye alijua?"

Nikamweleza habari ya vumbi. Akanyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza, nikaogopa nikamsogezea kiti.

"Mshenzi," akasema mwishowe. "Mshenzi mkubwa yule mwanamke. Kunifanyia wema nyuma ya mgongo wangu! Angeniambia ningekataa."

"Ndiyo maana hakukwambia."

"Na sasa namjibuje? Kaondoka na neno la mwisho. Kila siku nilikuwa namjibu, shemeji. Kila siku!"

Akafungua chupa, akatoa kidonge, akakitazama. Akakishika kwa kucha kama anayetaka kukipasua kati.

"Nusu ni yake."

"Meza chote," nikamwambia. "Kazi ya Sijui usiiharibu mara mbili."

Akameza bila maji, macho kwenye cherehani.

Tangu hapo, akimaliza kupiga pasi anakuja. Anakaa kwenye kiti cha Fundi, anakanyaga. Kushona hajui. Anakanyaga tupu, bila uzi, na kuitukana cherehani kana kwamba mwenyewe anasikia. "Fundi, chuma chako kinalia kama wewe." Mimi nakaa mlangoni na bango langu. Anakanyaga vibaya, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mke wangu angemtukana hadi mtaa wa pili. Mimi maneno hayo sina. Namwambia apunguze mwendo.

Jana nimemtilia uzi, nikampa ile suruali. Pindo la pili limekwisha. Limepinda, na mfuko umeshonwa pamoja nalo. Amefikaje huko juu, sijui.

Nimeivaa leo.