Kiti Kipya cha Baskeli ya Sleyum

Siku ya mwanzo Mahfoudh kumtia machoni Sleyum, mwaka 1964, alimwona anaingia Mlango Mkubwa wa Maskati na baskeli begani. Baskeli yenyewe haikuwa na mipira, na rimu zake za mbao zilikuwa zimepinda. Jua la saa sita lilikuwa linachoma, kanzu imemganda mgongoni.

"Mzee, mbona baskeli inakupanda wewe?" Bakhit, muuza maji, alimpigia kelele kwa Kiswahili, maana alimjua kwa kofia tu kuwa katoka Unguja.

"Imezeeka, bwana. Nnaihurumia," Sleyum alijibu, wala hakucheka.

Mahfoudh alicheka kimoyomoyo. Alikuwa mshona viatu pale karibu na mlango, mtu wa haya mno. Wateja walimwekea viatu, wakamwonyesha palipochanika, wakaondoka bila ya kusikia sauti yake. Yeye aliondoka Unguja miaka mingi nyuma, baada ya darasa la nne. Siku ile alifanya jambo lisilo desturi yake: alisogeza mkeka, akampa mgeni nafasi kivulini. Sleyum akakaa, na kwa miaka mingi hapo ndipo alipotengenezea stovu na makandili ya watu.

Baskeli ilikuwa ya baba yake, aliyeachiwa na mnunuzi mmoja wa pembe wa Kimarekani. Mbele ilikuwa na kibati cha shaba chenye picha ya mpira wa kuchezea na maandishi yaliyoanza kufutika. Na ndani ya mkoba wake Sleyum alikuwa na mpira wa kweli, mgumu kama jiwe, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Alipewa na Wamarekani wa kituo cha mitambo ya anga cha Tunguu, kule Unguja, alipokuwa akiwatengenezea majenereta.

"Huu wa besiboli," alieleza. "Mmoja anaurusha, mwengine anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia kama mwizi mpaka anarudi pale pale alipoanzia."

"Pale pale?"

"Ndo kashinda hapo."

Mahfoudh aliugeuza mpira, akautazama mshono. Sindano mbili, uzi unapishana. Kisha akainama, akakitazama kiti cha baskeli kwa chini. Ngozi ilikuwa imepasuka, lakini mshono ulikuwa ule ule.

"Mkono mmoja huu," alisema.

Sleyum akamkodolea macho. Wamarekani nao walimwambia hivyo hivyo. Zamani kwao, kiwanda kilichotengeneza mipira ndicho kilichotengeneza baskeli hizo. Watu walipoingiwa na wazimu wa baskeli, viwanja vya besiboli vikabaki vitupu, na washonaji wa mipira wakahamishiwa kwenye viti.

Lakini mazungumzo yote ya Sleyum yaliishia kwa Muhsina, binti yake, aliyemwacha Unguja kwa bibi yake akiwa na miaka saba. Ruhusa ya kumwingiza Maskati aliipata kwa barua nyingi na miguu mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kumtoa kule, maana baada ya mapinduzi hakuna aliyetoka Unguja bila ya idhini ya wakubwa.

Mtu huyo alitokea mwaka 1967. Sleyum aliitwa kutengeneza pampu katika shamba moja la Wattaya, akakutana na inginia wa Kimarekani wa mambo ya mafuta. Wakazungumza besiboli, na katika kuzungumza ikajulikana kuwa babu yake inginia alikuwa mshonaji katika kiwanda kile kile. Ikajulikana pia kuwa shemeji yake anafanya kazi Unguja, na anajuana na wakubwa.

"Anakuja Ijumaa kuiona baskeli," Sleyum alisema. "Nikimpa baskeli ya babu yake, shemeji yake atamshughulikia Muhsina mpaka apande meli. Kaniapia. Mahfoudh wee, mwanangu anakuja!"

Alhamisi, Sleyum alipokwenda Matrah kumtafutia mtoto kitambaa cha nguo, Mahfoudh aliichukua baskeli nyuma ya kibanda chake. Mgeni haonyeshwi kitu kichakavu. Kwao hata akija shangazi, ukuta hupakwa chokaa. Alikisugua kibati kwa mchanga na ndimu mpaka kikang'ara, kitupu, bila ya herufi hata moja. Akakibandua kiti, akashona kipya cha ngozi ya mbuzi, kwa mshono wa mpira. Kazi nzuri kama ile ilikuwa haijapata kutoka mkononi mwake. Ngozi ya zamani, kwa kuwa fundi hatupi ngozi, aliikatakata viraka vya visigino, na kabla ya magharibi wateja watatu walikuwa wameshaondoka navyo.

Inginia alikuja baada ya sala. Alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya kibati. Kisha akainama chini ya kiti, akaipapasa ngozi mpya.

"Anauliza, kiti cha zamani kiko wapi?" Sleyum alifasiri. "Babu yake alikuwa akitia alama kwa chini, mafundo matatu. Hayo ndo aliyoyafuata."

Mahfoudh akanyoosha kidole kwenye visigino vya rundo la viatu, kisha kwenye njia waliyoondokea wateja.

Hakuna aliyegomba. Inginia alikunywa kahawa, akashukuru, akasema atamwandikia shemeji yake barua vivyo hivyo. Baskeli hakuichukua. Baada ya mwezi walisikia kuwa mkataba wake umekwisha, keshakwenda zake, na habari ya barua haikujulikana.

Sleyum hakumlaumu Mahfoudh, ila mazungumzo yalikatika. Mwaka uliofuata bibi yake Muhsina alifariki, na barua nazo zikakoma. Mwaka 1970, sultani mpya alipoifungua nchi na watu wakaanza kuja kutoka Unguja, Sleyum aliipokea kila meli, akiuliza. Mmoja alisema binti kaolewa Bara. Mwengine alisema alimwona Pemba. Wengine hawakumjua. Mwisho alirudi chumbani kwake na kikohozi, akalala, asiamke tena kwenda bandarini.

Mahfoudh alimpelekea uji. Miaka mitatu alikuwa nayo sentensi moja kifuani. Aliweka bakuli chini, akasimama karibu na mlango.

"Nnakuomba radhi, Sleyum. Ile Alhamisi..."

Sleyum hakugeuka, uso kauelekeza ukutani.

"Radhi nshakupa zamani, bwana. Ila usije tena. Kila ukiingia, nnaanza kumhesabu Muhsina umri wake."