Kitabu Kilichoishia Gotini

Mama Nukta alikuwa na mashine ya vitufe sita na mgongo ulionyooka kama rula. Kila asubuhi, tangu mumewe alipofariki, alifika kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, akafungua dirisha, akaifuta meza aliyoifuta jana, kisha akaketi kukigeuza kitabu cha wino kiwe cha nukta nundu, zile nukta za kuinuka ambazo wasioona huzisoma kwa vidole. Karatasi zake zilikuwa nene kama kadi ya mwaliko. Kitabu chembamba cha wino kiliweza kuzaa majalada sita, kila moja la kubebwa kwa mikono miwili.

Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mkutubi hapo kwa miaka mingi. Kitabu kikipotea, kila mtu alitazamwa kwa jicho la pembe isipokuwa yeye. Jina hilo safi ndilo alilomwachia mkewe, naye alilibeba kwa uangalifu wa mtu aliyeshika bilauri iliyojaa pomoni.

Mwenzake kazini alikuwa Mzee wa Simu, rafiki wa marehemu, asiyeona tangu utotoni. Enzi zake aliunganisha simu za hospitali nzima na kumjua kila daktari kwa kikohozi chake. Sasa alikuwa msahihishaji: yeye akisoma nukta kwa sauti, Mama Nukta akifuatisha kwenye wino, na ole wake herufi iliyoruka.

Mwaka huo walikuwa na kitabu cha mifupa na viungo, kilichoandikwa na daktari mmoja wa mji huo ambaye sasa ni marehemu. Madukani kilikwisha zamani. Maktaba ilibakiwa na nakala moja. Aliyekuwa akikingojea ni binti wa fundi saa, asiyeona, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya viungo. Mtihani wake ulikuwa baada ya wiki saba.

Kazi ilikuwa imefika gotini, jalada la nne, Mama Nukta alipofanya kosa ambalo mtu asiye na adabu asingelifanya kamwe: aliomba ruhusa. Alimwandikia bintiye daktari barua nzuri, kwa mkono, akimweleza kazi yao na kumwomba radhi kwa kuchelewa kumwarifu. Jibu lilikuja la mistari miwili. Familia haikuridhia kitabu cha marehemu kinakiliwe kwa namna yoyote.

Mama Nukta akaifunika mashine kwa kitambaa.

"Shemeji," alisema Mzee wa Simu, "sheria ya hakimiliki nimeisoma kwa vidole hivi hivi. Kitabu kikishachapishwa, sisi tunaruhusiwa kukigeuza kwa ajili ya wasioona bila kumpigia mtu magoti. Mradi nakala isiuzwe, na maneno ya mwandishi yasiguswe. Wewe umeomba ruhusa ya kupita barabara ya umma!"

"Najua, shemeji. Niliona ni ustaarabu."

"Haya, ustaarabu huo umetufungia lango."

"Nikiendelea sasa, watasema mke wa mkutubi kaambiwa hapana, akaiba."

"Na usipoendelea watasema nini?"

Jibu lilikuja lenyewe siku iliyofuata, likigongagonga fimbo yake sakafuni. Binti wa fundi saa alikuja kuchukua jalada la tano, akaambiwa hakuna. Alisikiliza barua ikisomwa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nimeishia gotini?"

"Kwa sasa, mwanangu."

"Mgonjwa akija ameteguka kifundo cha mguu, nimwambie pole, rudi ukivunjika goti?"

Mzee wa Simu alicheka hadi akatafuta leso. Mama Nukta naye alitabasamu, lakini msichana mwenyewe hakucheka. "Mama, wenzangu wote wanacho. Wamekitolea nakala kivuli, wanakisoma kitandani. Mimi nategemea chumba hiki tu."

Mama Nukta hakula vizuri mchana ule. Kilichomkera ni kwamba aliyekuwa akilindwa na kusita kwake si daktari wala bintiye. Alikuwa ni yeye na bilauri yake. Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la heshima, akachukua jalada la nne, akamshika mkono Mzee wa Simu, wakaenda.

Bintiye daktari, mwalimu mstaafu, aliwapokea kwenye sebule yenye rafu mbili za vitabu vilivyopangwa kwa urefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na maneno machache.

"Nilidhani nimeshajibu," alisema.

"Umejibu, Mwalimu, na nimekuelewa," alisema Mama Nukta. Aliliweka jalada la nne mezani. "Sikuja kuomba tena. Nilikosea kukuomba kitu ambacho sheria imewapa wasioona, nikakufanya udhani uamuzi ni wako. Nakusudia kukimaliza kitabu. Nimeona ni heri usikie kwangu kuliko usikie mitaani."

Mzee wa Simu, asiyependa laini ikae bila mtu, alikohoa.

"Mmefika wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Gotini."

"Na kifundo cha mguu?"

"Bado."

Mwalimu alivua miwani. "Mchoro wa kifundo una kosa. Mtambo wa chapa ulibadilisha maandishi: kano ya ndani imeitwa ya nje, ya nje imeitwa ya ndani. Baba aliligundua kosa kitabu kimeshasambaa. Lilimuuma mpaka siku zake za mwisho. Anayeona hushtuka mwenyewe, kwa sababu kidole gumba cha mguu mchoroni kinamwonyesha ndani ni wapi. Lakini ninyi mtauandika mchoro kwa maneno. Asiyeona atamwamini baba yangu, amkande mtu upande usio wake. Halafu jina litakalotajwa ni la nani?"

Hofu ile Mama Nukta aliijua. Alikuwa amelala nayo kitanda kimoja. "La baba yako," alisema taratibu. "Ungeniandikia hivyo, Mwalimu, ningekuelewa zaidi."

"Ningemwandikia mgeni kosa la baba?"

Alisimama, akatoa rafuni nakala chakavu. Pembeni mwa mchoro, kwa kalamu ya daktari mwenyewe, mishale miwili ilikuwa imepishana, na chini yake sahihi na tarehe.

"Siwezi kubadili maandishi ya mwandishi," alisema Mama Nukta. "Lakini naweza kuyaandika kama yalivyo, na papo hapo niweke maelezo ya mnakili: kwamba mwandishi aliligundua kosa hili na kulisahihisha kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake. Uandike hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo."

"Ruhusa sijatoa," alisema Mwalimu, akimkabidhi nakala.

"Wala sijaomba," alisema Mama Nukta.

Jalada la tano lilikamilika wiki tatu kabla ya mtihani. Binti wa fundi saa alilisoma palepale mezani, kidole kikitembea mpaka kwenye maelezo ya mnakili, kikarudi nyuma, kikayapitia tena.

"Wenzangu hawana hii," alisema.

"Hawana," alisema Mama Nukta. "Kawasomee."