Mbuzi ya Tatu

Juzi nilipeleka pikipiki yangu gereji Kitui mjini, na fundi akawa amefungua tairi kabla sijamaliza kumsalimia. Nikajikuta nacheka peke yangu mpaka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, rafiki yangu. Ni vile nilikumbuka gereji ya baba kule Kanyangi, miaka ya sabini, na ile fujo ya mbuzi ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Lakini shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo vitu sielewi ni vingi.

Gereji yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko. Baba hakuwa na chombo hata kimoja cha kununua. Stendi ya kuinulia pikipiki aliitengeneza na vyuma vya kitanda cha nyanya, na nyanya akawa analala chini kwa mkeka, akimwombea baba msamaha kila jioni kwa sauti ya kusikika. Vyuma vya kutolea tairi vilitoka kwa springi ya lori. Kazi yangu ilikuwa kusugua kutu na mchanga na oili chafu, na mikono ilinuka mpaka isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, yalikuwa na ladha ya petroli.

Shida ilikuwa moto. Kupinda springi ya lori unataka moto mkali, na moto mkali unataka mivukuto kama ya wahunzi wa zamani: ngozi mbili za mbuzi, zimevuliwa nzima kama soksi, unabonyeza moja huku nyingine inajaa upepo.

Wakati huo pikipiki iliyokuwa kwa stendi ilikuwa ya kijana mmoja wa Mbumbuni, aliyefanya kazi kwa dip ya ng'ombe huku kwetu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekataa kutoka. Lilitaka spana yake maalum, na hiyo spana ilikuwa bado ni springi ya lori. Baba akamwambia alete mbuzi mbili, anataka ngozi tu, nyama watakula pamoja.

Huyo kijana alikuwa na adabu kupita kiasi. Aliona kuja na mbuzi mbili kavu kavu ni kama kumdharau mzee, akaongeza ya tatu. Tena akaja Jumamosi, shati imepigwa pasi, mjomba wake nyuma akisukuma mbuzi na kijiti. Baba alikuwa ameenda kutafuta makaa. Aliyekuwa nyumbani ni nyanya.

Sasa wewe unajua kwetu. Mbuzi tatu zikiingia boma lenye msichana, zimeletwa na kijana na mzee wa kwao, hiyo ni ntheo, posa, hakuna kuuliza. Zikichinjwa zikaliwa, msichana ameolewa. Na dada yangu mkubwa, aliyefundisha watoto wa nasari pale kanisani, alikuwa amemkataa mwenye duka, akamkataa mwenye ng'ombe, na nyanya alikuwa amechoka kuomba. Akapiga vigelegele, akaita majirani na watu wa kanisa. Mjomba, kuona uji umeletwa, akakaa akaanza kusifu ukoo wao. Mimi nikakimbia kumwambia dada ameolewa. Akauliza na nani. Nikasema na mwenye hiyo pikipiki mbovu.

Baba alirudi akakuta kisu kinanolewa. Nilimwona akiangalia mbuzi, halafu stendi, halafu mlango wa jikoni alikokuwa dada. Akichinja apate ngozi, ameoza mtoto bila kumuuliza. Akikataa, ameaibisha wageni mbele ya kanisa nzima. Akasimama tu na gunia lake la makaa mgongoni, akasahau kulitua. Mimi nilikuwa najua tu nyama iko karibu, na sielewi kwa nini hakuna anayeharakisha.

Dada akatoka jikoni, akapita katikati ya watu mpaka kwa kijana.

"Wewe, hizi mbuzi ulileta za nini?"

Kijana akaangalia viatu vyake. "Za ngozi," akasema. "Lakini vile nyanya alizipokea, mimi sikuona ubaya."

Watu wakacheka. Dada hakucheka. "Rudi nazo. Ukifikiria ukaona ni mimi unataka, utazileta tena zikiwa zangu."

"Na pikipiki?" mjomba akauliza.

"Hiyo iache."

Nyanya akajifunika uso na leso. Mbuzi zikaondoka, na mimi nikalia kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya maini.

Pikipiki ikakaa juu ya kitanda cha nyanya mpaka kuku wakataga chini yake. Kijana alikuwa akija kuiangalia kila wakati, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Mvua ilipoisha akarudi na mbuzi zile zile, zimenona, na dada akazifungua kamba mwenyewe. Baba alichukua ngozi kabla hata sufuria haijachemka.

Sasa baba hayuko, nyanya hayuko. Mivukuto ililiwa na panya, vyuma vikaenda na watu wa skrepa, na nyuma ya jiko ni nyasi tu. Nilimuuliza dada, kama yule shemeji hangerudi, angefanya nini. Akanitazama vile alikuwa akitazama watoto wa nasari.

"Angeenda wapi? Si pikipiki yake ilikuwa kwetu?"