Miaka Yangu ya Kumsemea Mwanamke wa Picha za Kaboi

Siku ya kwanza ya kazi niliketishwa mbele ya shuka nyeupe, katika chumba kimoja cha Mombasa kilichozibwa madirisha kwa magodoro, nikaambiwa nimtazame mdomo mwanamke wa Kizungu. Si nguo zake, si nywele, wala farasi aliyesimama nyuma yake. Mdomo tu. Taa ikazimwa, projekta ikaanza kuunguruma, na yule mwanamke akafungua mlango wa nyumba ya mbao, akatazama nyanda zisizo na mti, akasema neno. Kisha akafungua mlango tena, akatazama, akasema lile lile. Akafungua tena. Nilidhani mashine imeharibika. Baadaye nilielezwa kwamba hicho kinaitwa kitanzi: hukatwa kipande kifupi cha filamu, ncha zake mbili zikaunganishwa, kikawa kinazunguka bila mwisho mpaka msemaji akizoee. Nilikaa pale asubuhi nzima kama mtu anayeota ndoto moja na kuirudia. Nilipotoka kwenda kusali adhuhuri, jua la Mombasa ndilo nililoliona si la kweli.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani, binti ya muadhini. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nimeolewa nikaachwa, sina mtoto, nimerudi nyumbani kwa Baba. Binamu yangu, Bi Rukia, alikuwa ameolewa Mombasa na Msimamizi wa Sinema, yaani bwana aliyepeleka picha vijijini kwa lori na visiwani kwa mashua ya injini. Picha zenyewe zilikuwa za kaboi, wale wachunga ng'ombe wa Kizungu wenye farasi na bunduki, zile za bei nafuu zilizopigwa harakaharaka. Jabali lile lile ulilikuta katika kila picha, na mtu aliyeuawa wiki hii ulimwona wiki ijayo mzima wa afya, anauza pombe.

Msimamizi alikuwa akizitia maneno ya Kiswahili kwenye tepu, ambayo ilichezwa pamoja na filamu. Wasemaji wake walikuwa wanaume watupu. Maneno ya wanawake aliyasema karani mmoja aliyebana pua, na kila binti wa kwenye picha alipolia, watu walicheka mpaka wakalala chini. Msimamizi alichoshwa na kicheko hicho. Bi Rukia akamwambia kwamba anaye binamu yake Amu, asomaye tenzi katika mikusanyiko ya wanawake, na kwamba akisoma, hata walioko jikoni huacha vyungu vyao wakaja kusikiliza.

Msimamizi alikuja Amu mwenyewe kumwomba Baba. Baba hakukataa wala hakukubali. Aliuliza kwanza, "Hiyo sauti yake mtaiweka wapi?"

Msimamizi akatoa mkobani utepe mwembamba wa rangi ya kahawia. Baba akaushika kwa vidole viwili, akauweka sikioni, akangoja kidogo, akaurudisha. Halafu akataja masharti. Nifuatane na Bi Rukia kila niendapo. Baina yangu na wanaume kuwe na pazia. Nisisemeshwe maneno ya aibu. Na jina langu lisitajwe popote. Msimamizi alikubali yote, na miaka yote niliyofanya kazi chini yake hakuvunja hata moja.

Kazi yetu iliitwa kukutanisha midomo. Wengi hudhani ni kufasiri tu, lakini tafsiri ilikuwa mwanzo wa safari. Mwenye picha akifumba midomo, nawe sharti uwe na neno lenye m, au b, au p. Akiachama, umpe a. Akiiviringa midomo, umtafutie u au w. Karatasi ikisema "ondoka upesi", na yeye amefumba mara mbili, huna budi kusema "potea mbali". Tulikuwa tukiyapima maneno kama fundi cherehani apimavyo kitambaa, hapa tunapunguza, hapa tunaongeza pumzi. Fundi wa Sauti, kijana wa Kihindi aliyezungumza kidogo sana, alikaa upande wa pili wa pazia na mashine yake, nami nilimjua kwa kikohozi chake tu. Akikohoa mara moja, turudie. Asipokohoa, tumepata.

Yule mwanamke wa mlangoni nilimkuta tena katika picha ya pili, na ya tatu, na nyingine nyingi. Kila mara alikuwa na jina jipya na baba mpya, lakini blauzi ilikuwa ile ile nyeupe. Hakuwa mtu mkubwa katika kazi hiyo, hilo nililifahamu mapema. Wakubwa walipanda farasi. Yeye alisimama mlangoni akawatazama wakienda. Nilijua mambo yake ambayo labda hata watu wa nyumbani kwake hawakuyajua: kwamba humeza mate kabla ya kusema uongo, kwamba jino lake moja la juu limepanda kidogo juu ya mwenziwe, kwamba anapochoka pumzi yake hutangulia maneno. Nilikuwa nikivuta pumzi anapovuta. Nikaanza kuota nyanda zile, mimi ambaye sikuwahi kuona nchi isiyo na bahari pembeni yake. Katika ndoto nilikuwa natembea kwenye nyasi kavu zilizofika magotini, upepo unavuma, na hapana mtu wa kuniuliza naenda wapi.

Ikaja picha ambayo baba yake anapigwa risasi. Kitanzi kilipoanza kuzunguka, yeye alikuwa amepiga magoti vumbini, na karatasi yangu imeandikwa, "Baba, usiniache njiani." Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nimeagizwa nikiache Kiamu changu nyumbani, nisome Kiswahili cha wote. Nilisoma vizuri, ila machozi hayakuja. Fundi alikohoa, akakohoa, mwisho akasema kutoka nyuma ya pazia, "Usilie wewe, Bi. Yeye analia tayari. Wewe mfuate tu."

Nikamtazama. Nikamfuata. Na kilichonitoka kilikuwa, "Baba, usiniwate ndiani."

Nikaomba radhi, nikasema nitarudia. Msimamizi akajibu, "Hapana. Mtazame mdomo wake." Wakairudisha tepu, tukatazama wote, na kweli midomo ya yule mwanamke ilijiviringa pale pale nilipotamka wa. Neno la Amu lilimkaa kuliko neno la karatasini. Msimamizi akaamuru libaki hivyo.

Picha hiyo ilizungushwa pwani nzima, kisha ikaletwa Amu wakati nimekwenda nyumbani kupumzika. Shuka ilitundikwa mbele ya ngome. Wanaume waliketi uwanjani baada ya sala ya isha, na sisi wanawake tukapanda juu ya mapaa ya nyumba za jirani. Sikutazamia Baba aende, lakini nilimwona akipita na bakora yake, akaketi nyuma ya watu. Walifurahia farasi, walishangilia bunduki. Yule binti alipopiga magoti na kusema, "Baba, usiniwate ndiani," uwanja mzima ulitulia. Mwanamke wa Kizungu, nywele zake rangi ya majani makavu, alikuwa akilia kwa maneno ya mama zao. Kisha mnong'ono ukatambaa paa kwa paa kwamba huyu ni wa hapa. Shangazi yangu, aliyekuwa kando yangu, aliushika mkono wangu ndani ya buibui akaubana. Nilipomtafuta Baba kwa macho, mahali pake palikuwa patupu.

Asubuhi yake imamu alikuja kunywa kahawa. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nasikia yote. Alisema kwa upole kwamba watu wanaulizana ni sauti ya nani, na kwamba wako wanaotaja nyumba ya muadhini, basi amekuja asikie kutoka kwake mwenyewe. Baba alimjazia tena kikombe. Nilijua kwamba akikana, watu watamwamini, kwa sababu hakuwahi kusema uongo. Na nilijua kwamba akikiri, huenda mtu mwingine akapewa adhana.

"Ni mwanangu," akasema. "Nimesikia atakavyonililia, nami ningali hai. Ni wangapi wapatao hayo?"

Imamu alimaliza kahawa yake. Halafu akauliza kama yule mzee wa kwenye picha alikufa kweli. Baba akamjibu kwamba hata yeye hilo lilimtatiza, na kwamba ataniuliza.

Baba aliendelea kuadhini mpaka alipoishiwa nguvu. Hata hivyo mambo hayakupita bure. Wapo waliohamia msikiti mwingine, na posa niliyokuwa nimeletewa mwezi ule ilirudishwa, kwamba mchumba amebadili nia. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuizoea fikra ya nyumba yangu mwenyewe. Nilirudi Mombasa na Bi Rukia, na kitanzi cha kwanza nilichowekewa kilikuwa cha yule mwanamke, anafungua dirisha. Nikahisi nimepokewa.

Miaka ikaenda namna hiyo. Yeye akatoka kuwa binti, akawa mjane mwenye shamba, kisha mama wa kaboi. Nami sauti yangu ikashuka pamoja naye, sikuwa na haja ya kuilazimisha. Televisheni ilipofika nchini nilihamishiwa Nairobi, kwenye ofisi iliyojaribu kutia Kiswahili katika hadithi fupi za kaboi. Mkuu wetu huko alikuwa Mkurugenzi wa Vipindi, kijana mpole mwenye haraka, aliyeniita Mama. Pazia halikuwapo tena, na mimi mwenyewe sikulidai. Chumba kilikuwa kidogo, na watu wa kwenye kioo walikuwa wadogo zaidi, nyanda zote zikiwa zimekunjwa ndani ya sanduku.

Siku moja tulikuwa tukitazama kipindi ambacho hakikuwa na neno langu hata moja. Kaboi aliingia dukani, akanunua kamba, na mwanamke mzee wa nyuma ya kaunta akamwambia neno la kumuaga. Nilimjua kabla hajafumbua mdomo. Mkurugenzi alikuwa amempa maneno yale msichana wa kupiga chapa, kwa kuwa yalikuwa mawili tu: "Karibu tena."

Nikamwambia, "Huyo ni wangu, Bwana."

Aliniangalia kwa mshangao, akasema kazi hiyo haifikii hadhi yangu. Nikarudia niliyosema. Akaniachia kiti. Sikuhitaji kitanzi. Alipovuta pumzi, nilivuta. Midomo yake ilipofumba, yangu ilifumba. Ikawa imekwisha. Mwisho wa mwezi huo niliomba kustaafu, na Mkurugenzi aliponiuliza sababu sikumtaja yule mwanamke, nilimwambia kwamba nimechoka, naye akaridhika.

Sasa niko Mkomani, na vijana wa shule huja kuniuliza kama wanaweza kuzisikiliza zile tepu. Hakuna hata moja iliyobaki. Tepu ilikuwa adimu, ikisha kuzunguka na picha yake hufutwa ikatiwa maneno mengine. Huwaambia wajifunze kutazama uso wa mtu mpaka wajue anapotaka kupumua, kwa maana kazi yote ilikuwa hapo, na mengine ni mashine.

Baada ya sala ya alfajiri nina watu wangu ninaowaombea. Nawaanza Baba na mama yangu, Msimamizi na Bi Rukia, wote wametangulia. Kisha namfikia yeye, yule wa mlangoni. Sijui aliishi nchi gani, wala kama yuko hai. Majina ya waigizaji huonyeshwa mwanzoni mwa picha, na Msimamizi alikuwa akikikata kipande hicho, kwa sababu watu wa vijijini walichoka kungoja; na huko Nairobi mwenye maneno mawili hakuandikwa. Basi nikifika mahali pa jina lake hunyamaza kidogo, nikavuta pumzi, nikaendelea.